Viroboto kwa Watoto wa Paka: Usitumie Sumu

  

Leo tunazungumza juu ya viroboto kwa watoto wa paka. Pengine utauliza, muuguzi na paka wapi na wapi? Sikiliza kisa hiki. Siku moja mama alifika mbio zahanatini akiwa amebeba mtoto wa miaka mitatu. Mtoto alitokwa na mate na jasho jingi, na mboni za macho zilikuwa ndogo sana. Kumbe kaka yake alikuwa ameosha watoto wa paka kwa dawa ya kuogesha ng'ombe. Huyu mdogo akawakumbatia, kisha akanyonya vidole. Tulimvua nguo, tukamwosha kwa sabuni na maji mengi, tukampeleka hospitali. Alipona. Wale paka wadogo walikufa wote.

Kwa hivyo, mama, usitumie dawa ya ng'ombe, mafuta taa, wala dawa ya kunyunyizia mimea. Hata dawa ya viroboto ya mbwa usiitumie. Nyingi zina permethrini, na mwili wa paka hauwezi kuiondoa. Kumbuka pia kwamba paka hujilamba, na kila unachompaka atakimeza.

Ufanye nini basi? Chukua chanuo lenye meno yaliyokaribiana, lile la kutolea chawa. Mchane mtoto wa paka taratibu, na kila mara lichovye chanuo katika maji ya sabuni ili viroboto wafe. Rudia kila siku. Wakiwa wengi mno, mwoshe haraka kwa maji vuguvugu na sabuni laini isiyo na dawa. Kichwa usikitie majini. Kipanguse kwa kitambaa. Mkaushe kabisa, kisha mrudishe kwa mama yake. Paka wa chini ya wiki nne hawezi kujipatia joto la kutosha, na baridi humuua upesi.

Tazama ufizi wake. Ukiwa mweupe, viroboto wamemnyonya damu nyingi. Usingoje, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Umwulize pia dawa inayomfaa paka mama anayenyonyesha, kwa kuwa viroboto hutoka kwake.

Usisahau nyumba. Mayai ya viroboto huanguka kwenye malazi na sakafuni. Fua matambara ya paka kwa maji ya moto kila wiki, uyaanike juani. Fagia chini ya vitanda na kwenye nyufa, na taka uzitupe mbali. Watoto wako wanawe mikono kwa sabuni baada ya kucheza na paka. Mtoto akimeza kiroboto kwa bahati mbaya, anaweza kupata minyoo aina ya tegu.

Mwisho, weka dawa zote za mifugo juu, mahali palipofungwa, wala usizitie katika chupa ya soda. Mtoto akinywa, usimtapishe, usimpe maziwa. Mkimbize hospitali pamoja na ile chupa ya dawa, ili daktari ajue ni sumu gani.

Mama, chanuo na maji ya sabuni vinatosha kuanzia. Mwambie na jirani yako. Hadi kipindi kijacho, kwaherini.