Simu Isichukue Nafasi ya Jirani
Hotuba kwa vijana wa Garsen, Kaunti ya Tana River



Mgeni akishuka gari hapa Garsen, salamu huchukua muda. Huulizwa habari za nyumbani, za mvua, za mifugo na za mto. Salamu hizo ni adabu, na pia ni taarifa: mkulima hujua mifugo inakuja kutoka upande gani, na mfugaji hujua shamba lipi limepandwa. Kijana anayesalimia kwa picha ya kidole gumba kwenye WhatsApp huyakosa hayo yote. Akikutana na mtu ana kwa ana, hata neno la kuanzia humpotea.

Kwingine hasara hiyo ingekuwa upweke. Katika Tana Delta inaweza kugharimu maisha. Kuanzia Agosti 2012 hadi mapema 2013, zaidi ya watu 100 waliuawa katika mapigano kati ya Wapokomo na Waorma. Ardhi, malisho na maji vilikuwa miongoni mwa vyanzo vya ugomvi, lakini uvumi uliopita kwa mdomo na kwa simu uliongeza hofu. Kila upande ulisikia kwamba wenzao wanajiandaa kushambulia.

Wazee wa Gasa kwa Wapokomo, na wa Matadeda kwa Waorma, husuluhisha kwa kuketi pamoja. Msemaji huonekana uso, na huweza kuulizwa: uliona mwenyewe au uliambiwa? Msikilizaji hungoja zamu yake. Kwenye kundi la WhatsApp hakuna mzee wa kuuliza. Na kundi likiwa la jamii moja tu, hakuna hata wa kusema, "Huko ni kwetu, na hilo halikutokea."

Simu yenyewe si adui. Mto Tana unapofurika, onyo la mapema huokoa watu. Baada ya mapigano yale, mradi wa Una Hakika, ulioanzishwa na shirika la Sentinel Project la Kanada, uliwawezesha wakazi kutuma uvumi waliousikia kwa simu. Watu wa kujitolea vijijini walisaidia kuuchunguza, kisha majibu yakarudishwa kwa wananchi. Simu ilibeba swali. Ukweli ulipatikana kwa watu walioulizwa.

Kwa hiyo, vijana, kabla ya kusambaza ujumbe wa kutisha, ulizeni nani aliona, wapi na lini. Mkikosa jibu, msiutume; upelekeni kwa mzee wa kijiji au chifu. Ng'ombe wakiingia shambani, msianze na matusi kwenye kundi. Nendeni mkamwone mwenyewe, mkiwa na mzee. Na kwenye baraza, simu ikae mfukoni mpaka mwisho.

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Jirani ni wa kuendewa.