Mchezo ni Somo Kamili

Mtoto wa Marangu au Kibosho anayecheza mdako, akarusha jiwe juu, akachota vijiwe shimoni na kulidaka lile la kwanza kabla halijaanguka, yumo kwenye somo la hesabu. Anahesabu, anakadiria muda na kuongoza jicho na mkono kwa pamoja.

Kujifunza kwa mchezo si jambo geni mlimani Kilimanjaro. Mwaka 1940 Otto Raum alichapisha Chaga Childhood, kitabu kuhusu malezi ya Wachaga, na humo alionyesha jinsi watoto wanavyojifunza kazi za wakubwa kwa kuziigiza mchezoni.

Kwa upande wa shule, Sera ya Elimu na Mafunzo ya Tanzania ya 2014 ilitaka kila mtoto apate angalau mwaka mmoja wa elimu ya awali, na kiwango kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Lakini darasa likifurika, mchezo huachwa na watoto hubaki kunakili herufi.

Hilo ni kosa. Anayecheza duka kwa vifuniko vya soda anajumlisha, anatoa, anasubiri zamu na kujieleza.

Wazazi wa Moshi wasipime darasa la awali kwa madaftari yaliyojaa. Waulize watoto wamecheza nini, na kamati za shule zitenge uwanja na vifaa.