Muhogo wa usiku mmoja

Leo nazungumza na wote mnaoloweka muhogo mchungu, na naanza na kosa langu.

Simu yangu iliharibika, nikataka pesa haraka. Muhogo wa mama ulikuwa na usiku mmoja tu kwenye ndoo. Nikamwambia, "Mama, tuutoe tuanike, mashine itausaga tu." Akaniuliza, "Unataka kuwauzia watu unga au sumu?" Nilinuna.

Mama alisema kweli. Muhogo mchungu una sumu ya sayanaidi. Ukikaa majini siku tatu mpaka ulainike, sehemu kubwa inatoka. Ukikaa siku moja inabaki, na mashine haiiondoi. Mashine inakupa unga mweupe, laini, na kwa macho hutaona tofauti.

Kwetu Kongo yalishatokea. Kule Bandundu barabara nzuri ilipofika, magari ya Kinshasa yakaja kununua muhogo kwa wingi. Watu wakaharakisha: siku tatu zikawa moja. Watoto na akina mama wakapata konzo, neno la Kiyaka, yaani miguu iliyofungwa. Mtu anaweza kulala mzima, akaamka miguu imekakamaa. Haina dawa. Inapiga zaidi nyumba inayokula muhogo mtupu, bila maharage wala dagaa, kwa sababu mwili unahitaji protini kuivunja sumu hiyo. Na mgao ukiisha, unajua mwenyewe tunakula nini.

Sisemi uache muhogo. Mimi bila ugali wake sijashiba. Lakini ukinunua unga usiojua ulilowekwa siku ngapi, fanya hivi. Weka unga kwenye beseni, upige alama ulipofikia. Tia maji kidogo kidogo ukikoroga: unga utashuka, halafu utapanda. Ukirudi kwenye alama, acha maji. Utandaze kwenye mkeka, unene usizidi sentimita 1. Uache saa 2 juani, au saa 5 kivulini penye hewa. Sumu inaondoka na hewa. Songa ugali siku hiyohiyo, usiulaze.

Nawe unayeuza, mteja akikuuliza "siku ngapi?", mwambie ukweli. Wa mama ulikaa tatu. Niliuuza wiki iliyofuata, simu ikasubiri.