Mwenyeji Huonja Kwanza

Jumapili ya Nne ya Majilio, Mwaka C
(Mika 5:1-4, Ebr 10:5-10, Lk 1:39-45)



Zimebaki siku chache tu tufike Noeli. Hapa Usagara, jijini Tanga, dalili zake huonekana jikoni hata kabla hazijaonekana kanisani. Mchele wa pilau unachaguliwa, nazi zinakunwa, na watoto wanatumwa dukani mara tatu kwa shughuli moja. Na kwa kuwa mgeni hapelekwi moja kwa moja kwenye sinia, kila nyumba inafikiria pia kitu kidogo cha kutangulia: sambusa, kachori au bajia, cha kumtuliza mgeni wakati pilau bado imepaliwa makaa. Leo tungependa kuzungumza nanyi juu ya sahani hiyo ndogo ya kutangulia, na hasa juu ya moja ambayo sisi tuliipokea vibaya.

Katika Injili ya leo Bikira Maria anafunga safari kwa haraka kwenda nchi ya milima, anaingia katika nyumba ya Zakaria na kumsalimu Elizabeti. Wahenga wetu walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika nyumba ile methali hiyo ilitimia, kwani mtoto aliruka tumboni, na mama yake akajazwa Roho Mtakatifu. Mtakatifu Luka hatuambii walikula nini siku ile. Anatuambia jinsi walivyopokeana. Elizabeti hakumhoji mgeni wake wala hakumwonea shaka. Alistaajabu tu kwamba mtu kama yeye ametembelewa hivyo.

Sisi, siku moja, hatukujua kupokea namna hiyo.

Miaka mingi iliyopita, tungali padre kijana, tulitumwa kuadhimisha Misa ya Jumapili kama hii katika kigango kimoja cha mlimani, upande wa Usambara Mashariki. Mvua za vuli zilikuwa zimenyesha vizuri, na njia ilikuwa utelezi mtupu. Baada ya Misa tulikaribishwa mkekani, chakula kikiwa bado motoni. Ndipo mama mmoja mjane akaja na sahani iliyofunikwa kwa kawa. Alipofunua, tuliona vichwa vya uyoga vimepangwa kama vikombe vidogo, kila kimoja kimejazwa kitu ndani yake.

Ulikuwa uyoga wa kichuguuni, ambao aliuchuma ungali mchanga, kabla mwavuli wake haujafunguka. Baadaye alitueleza alivyouandaa, nasi tunaeleza hapa kwa kuwa huenda mama fulani anasikiliza huku akiwaza sahani yake ya Noeli. Uyoga haulowekwi. Hupanguzwa kwa kitambaa kibichi. Shina hung'olewa taratibu ili kichwa kisipasuke. Lakini shina halitupwi. Sehemu yenye udongo huondolewa, na iliyobaki hukatwakatwa na kukaangwa pamoja na kitunguu maji, kitunguu saumu na pilipili manga mpaka maji yake yakauke. Kisha huongezwa makombo ya mkate, tui zito kidogo na majani ya giligilani. Chumvi huja mwisho, kwa sababu ikitangulia uyoga hutoa maji na kulegea. Mchanganyiko huo hurudishwa ndani ya vile vikombe, navyo hupangwa katika sufuria iliyopakwa mafuta, hufunikwa, na kupaliwa makaa juu na chini mpaka viive kabisa.

Sahani ile ilinukia vizuri. Hata hivyo, mkono wetu haukwenda. Tulikuwa tumesikia, kama ninyi mlivyosikia, habari za familia nzima zilizougua kwa uyoga wa porini. Tukasema kwamba tumbo letu si zuri siku hiyo. Haikuwa kweli. Tulikuwa tumetoka kuhubiri juu ya ukarimu wa Elizabeti, na kabla mavazi ya Misa hayajakunjwa tulikuwa tumekwisha kumdanganya mjane.

Mama yule hakukasirika. Aliketi mkekani akasema: "Baba, mimi ndiye niliyechuma, na mimi ndiye niliyepika. Basi na nitangulie mimi." Akatwaa kimoja, akala bila haraka mbele yetu. Mzee katekista akatwaa cha pili. Cha tatu tukatwaa sisi, pamoja na aibu yetu. Mvua iliporudi jioni tulilazimika kulala kigangoni, na tukiri kwamba usiku ule tulihesabu saa.

Hapa, wapendwa, yatupasa kusema wazi jambo moja, asije mtu akaumia kwa sababu ya mfano wetu. Kuonja kwa mama yule hakukuwa kipimo cha sumu. Uyoga wenye sumu kali kabisa hauui papo hapo. Mtu aweza kuula, akausifu, akalala, na dalili zikaanza baada ya saa 6 hadi 12 au hata zaidi, sumu ikiwa tayari imeanza kuharibu ini. Kuuchemsha hakuondoi sumu hiyo. Kijiko cha fedha hakiitambui, wala kitunguu kilichowekwa chunguni. Uyoga ulioliwa na wadudu waweza bado kumwua mtu. Anayetapika au kuharisha baada ya kula uyoga apelekwe hospitali mara moja pamoja na mabaki ya uyoga huo, hata akionekana kupata nafuu, kwa maana nafuu hiyo yaweza kuwa ya uongo.

Basi, kama kuonja hakuthibitishi kitu, mama yule alifanya nini? Alijiweka upande wetu. Alisema kwa kitendo: Litakalokupata wewe, litanipata na mimi.

Usalama wetu ulitoka kwingine, nasi tuliujua asubuhi. Tulikwenda kumwomba radhi, naye akatupeleka nyuma ya nyumba yake, kwenye kichuguu kimoja kikubwa. Mchwa wenyewe ndio wanaoulima uyoga ule chini ya ardhi, wakiulisha mabaki ya miti na majani. Ndiyo sababu mvua zinaporudi, uyoga nao hurudi mahali pale pale. Mama yake mzazi ndiye aliyemwonyesha kichuguu kile tangu utoto, akauchuma pamoja naye, akaula pamoja naye, vuli baada ya vuli. "Uyoga nisioujua, Baba," alituambia, "siupiki hata kwa njaa."

Ndugu zangu, katika mambo hayo mawili tunaiona Noeli yote.

Jambo la kwanza. Somo kutoka Waraka kwa Waebrania latuambia kwamba Mwana alipoingia ulimwenguni alitayarishiwa mwili. Mwili wa nini? Mungu angeweza kutuandalia karamu akabaki jikoni, akatuma watumishi tu watuhudumie. Hakufanya hivyo. Aliketi mkekani petu. Alionja njaa, jasho, machozi ya msibani, na mwishowe akaonja mauti kwa ajili yetu sote. Na alikuja kama sahani ndogo ya kutangulia, wala si kama sinia la wakubwa. Nabii Mika anautaja Betlehemu, mji mdogo kati ya koo za Yuda, ambao jina lake maana yake ni nyumba ya mkate. Wengi waliutazama mji ule kama sisi tulivyoitazama sahani ya mjane.

Jambo la pili lawahusu hasa ninyi makatekista, na sisi mapadre, na wazazi wote. Imani hupokewa kama ujuzi wa uyoga. Haitoshi kuonyeshwa picha yake kitabuni. Mtu tunayemwamini hutushika mkono, akatupeleka mahali penyewe, akala pamoja nasi. Je, sisi tunaonja kile tunachowaandalia wengine? Twafundisha msamaha, ilhali jirani wa ukuta mmoja hatujasalimiana naye tangu Pasaka? Twawatuma watoto mafundisho ya Jumamosi, nasi Jumapili twabaki kitandani? Mtoto haangalii sahani tu. Huangalia pia kama aliyeileta anakula. Akiona twaiweka mbele yake na kurudi nyuma, hataigusa, na tusimlaumu.

Huenda mtauliza: Baba, nasi tuende porini kutafuta uyoga kwa ajili ya Noeli? La. Asiyeoneshwa na wanaojua asichume. Upo uyoga unaolimwa, ule uitwao mamama, unaoota katika mifuko yenye majani makavu, pumba za mbao, na hata mabaki ya mkonge. Tangu mkonge ulipoletwa katika pwani yetu mwaka 1893, tumezoea kuchukua nyuzi, ambazo ni kama sehemu 4 tu katika 100 za jani, na kuyaacha mengine yote yaoze. Kumbe katika yale yanayotupwa chaweza kutoka chakula cha karamu. Mamama ni bapa kama sikio, hautengenezi kikombe. Utandaze, uweke mchanganyiko juu yake, uukunje na kuubana kwa kijiti, kisha uukaange. Tena, usitie ndani yake kitu ambacho jirani yako Mwislamu hali. Hapa kwetu Noeli na Idi huvuka barabara kwa sahani, na sahani ya upendo haimwekei mtu mtego.

Wapendwa wasikilizaji, wiki hii mtakuwa wenyeji na mtakuwa wageni. Ukiwa mwenyeji, usibaki jikoni ukihangaikia fahari ya meza. Toka, keti na wageni wako, onja nao. Ukiwa mgeni, pokea sahani ndogo kwa heshima ile ile unayoipa sinia, kwa maana hujui ni mtaji gani wa mjane uliokwisha ndani yake. Na kama unaogopa, usidanganye kama tulivyodanganya sisi. Sema, "Mama, naogopa." Mwenyeji wa kweli hatakasirika, bali ataketi karibu nawe na kutangulia.

Ndivyo alivyotufanyia Mungu. Alijua kwamba twaogopa maisha haya na twaogopa zaidi kifo, akaja, akatangulia. Usiku wa Noeli tutakaposogea kupokea Mwili wake, tukumbuke kwamba tunakaribishwa na Mwenyeji aliyekwisha kuonja kabla yetu.

Tunawatakia nyote maandalizi mema ya Noeli. Amina.