Juu ya Kioo cha Kukinga Lenzi ya Kamera
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Halmashauri imenitaka niseme machache juu ya kile kioo cha mviringo kikazwacho mbele ya lenzi ya kamera, ambacho wapiga picha hukiita filta. Jambo ni dogo, walakini lagusa mfuko wetu, maana katika makadirio ya kununua kamera ya Chama imetiwa bei ya filta mbili za kinga, na baadhi ya wanachama wameuliza kama ada zao zitakwenda mahali pake. Maoni yangu ni kwamba moja yatosha, nayo ikae mkobani zaidi ya kukaa mbele ya lenzi.

Zamani za filamu, filta ya urujuanimno ilikuwa na kazi halisi. Filamu huona miale ambayo macho yetu hayaioni, na milima ya mbali ikipigwa picha hutoka imefunikwa utusitusi wa rangi ya samawati. Filta iliipunguza miale hiyo. Kamera za dijitali zina kioo chao ndani, mbele ya kihisi cha nuru, kifanyacho kazi iyo hiyo. Basi mwenye duka akikwambia kwamba filta hii itatia uzuri picha zako, msikilize kwa adabu, kisha funga kibeti. Iliyobaki ni kazi ya ulinzi.

Ulinzi huo ni wa kweli pwani na katika vumbi. Mtu asimamaye ufukweni wakati kusi ikivuma, lenzi yake hupata manyunyu ya chumvi, naye akiifuta kwa haraka, chembe ya mchanga iliyo chini ya kitambaa ndiyo ikwaruzayo. Filta yaweza kufunguliwa, ikasafishwa, na ikichakaa ikatupwa. Tena ziko lenzi, miongoni mwazo baadhi za Canon, ambazo mtengenezaji mwenyewe asema kinga yao ya maji na vumbi haikamiliki mpaka zitiwe filta.

Lakini kuanguka ni shauri jingine. Watu huonyesha filta iliyopasuka wakasema, "Tazameni, imeokoa lenzi!" Huenda ikawa hivyo, ila filta ni kioo chembamba, na kioo cha mbele cha lenzi aghalabu ni kinene zaidi, na kupasuka kwa chembamba si ushuhuda kwamba kinene kingepasuka. Vipande vyake vyaweza kukwaruza kile kilichokusudiwa kukingwa, na pete yake ikibonyea hukataa kufunguka. Kwa mapigo, afadhali ule mdomo wa plastiki uvikwao mbele ya lenzi: hupokea pigo wenyewe, na juu ya hayo huzuia jua la ubavuni lisifishe rangi za picha.

Na hasara ya filta? Kioo kisichopakwa dawa ya kupunguza mng'ao hurudisha nuru kama sehemu 4 katika 100 kwa kila uso, nacho kina nyuso mbili. Filta njema zilizopakwa hurudisha chini ya 1. Mchana huoni tofauti. Shida huja usiku, na picha zetu nyingi ni za usiku: karamu ya kumuaga mstaafu, taa kali nyuma ya msemaji. Nuru ya taa hupiga kihisi, ikarudi mpaka kwenye kioo bapa cha filta, ikatupwa tena ndani, na picha hutoka na taa za uongo zikielea, pengine juu ya paji la uso wa mgeni wa heshima. Picha hiyo hairudiwi, maana mzee amekwisha kwenda kwao.

Kuvu inayoota ndani ya lenzi katika joto la unyevu, filta haiizuii hata kidogo. Hiyo yataka sanduku lifungikalo vema, na vile vifuko vya dawa ya kunyonya unyevu.

Basi naomba makadirio yabadilishwe: filta moja iliyopakwa vema, na bei ya ile ya pili inunue mdomo wa plastiki na sanduku. Atakayekabidhiwa kamera aivike filta ufukweni na safarini, aivue taa ziwashwapo. Kipimo chake kimeandikwa kwa milimita mbele ya lenzi, penye alama ya duara lililokatwa kwa mstari. Mweka Hazina akinakili kabla ya kwenda dukani, maana ya 58 haiingii penye 67.