Usiulize Kilomita, Uliza Saa

Msikilizaji, kutoka Nairobi hadi New York ni kilomita zipatazo 11,800 angani. Ndege kubwa ya abiria hukata karibu kilomita 900 kwa saa. Gawanya, utapata saa 13 na ushei. Lakini Kenya Airways ilipozindua safari ya moja kwa moja tarehe 28 Oktoba 2018, ilitangaza saa 15 kwenda na 14 kurudi. Mbona?

Mwenye lawama kubwa ni upepo. Juu ya Atlantiki ya kaskazini huvuma pepo kali zitokazo magharibi. Anayekwenda Marekani hupambana nazo uso kwa uso, anayerudi zinamsukuma.

Njia yenyewe nayo si ile unayoidhania. Weka rula kwenye ramani ya ukutani: mstari utapita Nigeria na Mauritania. Dunia ni mviringo, kwa hiyo njia fupi hupanda kaskazini zaidi, ikakata Sahara kupitia Algeria na kutokea pwani ya Morocco. Hata hiyo rubani haifuati kama reli. Hukwepa dhoruba, hukwepa na anga lililofungwa kwa sababu ya vita.

Halafu kuna hili ambalo sisi wakazi wa Nairobi tumelizoea hata hatulioni. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi, mbawa na injini hazipati nguvu kamili, na ndege iliyobeba mafuta ya kuvuka bahari lazima ikimbie sana kabla ya kunyanyuka. Njia yetu ya kurukia ina urefu wa zaidi ya kilomita 4, na bado kuondoka usiku, hewa ikiwa imepoa, ni nafuu.

Sasa tiketi. Tuseme imeandikwa kuondoka 23:25, kufika 06:25. Mama anayemsindikiza mwanawe anahesabu vidole: saa saba! Kumbe basi la Mombasa ndilo linalochelewa! La hasha, mama. Saa ya kwanza ni ya Nairobi, ya pili ni ya New York, na kule wako nyuma yetu kwa saa 8 majira ya baridi, 7 majira ya joto.

Ukipitia Doha badala ya kwenda moja kwa moja, kilomita zinazidi 14,000, na bado hujahesabu kusubiri, ambako kwaweza kula usiku mzima kwenye kiti cha chuma. Tiketi hiyo mara nyingi ndiyo ya bei rahisi, na sina ugomvi na anayeichagua akijua. Ugomvi wangu ni na wakala anayetangaza bei kwa herufi kubwa na saa asizitaje kabisa. Huyo anauza nusu ya habari.

Kwa hiyo kabla hujalipa, mwambie akuandikie jumla ya saa, tangu ndege ya kwanza inaponyanyuka hadi ya mwisho inapotua, kusubiri kukiwemo. Akisitasita, nenda kwa wakala mwingine.