Ukoo Hauandikwi Namba

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na wageni katika mkutano wa tawi)



Sisi ndugu watatu tumeombwa tuseme habari za ukoo wetu. Hatukuja kujisifu. Ukoo wetu haukutoa chifu wala tajiri; ulitoa manamba. Tunajua wengi wenu mna habari kama hii majumbani, nanyi mmeinyamazia kwa aibu. Aibu hiyo si yenu.

Asili yetu ni Ungoni. Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 vilipofika kwetu, wazee walipigana. Mwaka 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Kingoni pale Songea, na vyakula vikachomwa moto ghalani na mashambani. Ikaja njaa. Babu yetu alikuwa mtoto mdogo. Shangazi yake alimbeba mgongoni, akamlisha mizizi ya porini, hali wanawe mwenyewe wanalia. Kwa hiyo sisi mnaotuona hapa tu deni la mama yule.

Wajerumani waliondoka, kodi ikabaki. Waingereza waliitaka kwa fedha, na fedha ilikuwa mbali. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda chombo chao cha kuandikisha wafanyakazi, SILABU. Baba yetu akaandikwa, akapanda lori, akafika Tanga. Huko akapewa namba, na jina la manamba ndiko lilikotoka.

Mkonge wenyewe ni mgeni. Miche yake ililetwa nchini mwaka 1893, ikasalimika 62 tu. Mgeni huyo akapewa ardhi. Mwenye nchi akapewa namba!

Kipande cha baba kilikuwa cha siku 30 za kazi. Alikata majani na kuyafunga mafungu mafungu, miiba ikimchoma, maji ya mkonge yakimwasha. Asipomaliza kazi aliyopimiwa, siku ile haikuhesabiwa. Alipokwenda mara ya pili alimchukua mama, nasi tukazaliwa kambini.

Nini kilimshika asipotee? Barua. Baba hakujua kuandika. Alimwomba mwenzake aliyesoma. Kule nyumbani mwalimu aliisoma barua mbele ya ukoo mzima. Kila barua ilianza kwa salamu za majina: baba mkubwa, baba mdogo, shangazi, mjomba, na watoto wa kila mmoja. Sisi watoto tulichoshwa na majina yale. Hatukujua kwamba ndiyo kamba iliyotufunga pamoja.

Mwaka 1953 baba alifariki. Ndugu wa damu walikuwa mbali. Waliomwosha na kumchimbia kaburi ni watani, Wahehe, ambao babu zao walipigana na babu zetu. Walitutania huku wanalia. Dhiki ya kambini iliwafanya maadui wa jana kuwa ndugu.

Mama akaturudisha Songea. Hapo, ndugu wananchi, tulipata uchungu ambao hatukuupata hata Tanga. Baadhi ya jamaa walisema, “Hawa ni watoto wa mkonge. Shamba lao liko hukohuko.” Ndipo shangazi, dada yake baba, akaingia ndani, akatoka na barua zote zimefungwa katika kanga. Hakujua kusoma hata herufi moja. Akampa mwalimu, akasema, “Soma majina.” Mwalimu akasoma. Kila aliyekuwapo akasikia jina lake, na la mtoto wake. Shangazi akauliza, “Asiye wetu angetujuaje sote?” Hakuna aliyejibu. Jioni ile tulionyeshwa shamba.

Lakini baba alikuwa na mdogo wake, naye pia alikwenda kwenye mkonge. Huyo hakuandika barua. Mpaka leo hatujui kaburi lake, wala kama aliacha watoto. Huenda wamo humu mkutanini, nasi tumepeana mikono kama wageni.

Tunaomba mambo mawili. Kwanza, kila mmoja wenu akirudi nyumbani leo akae na mzee wake, aandike majina: nani alizaa nani, nani alikwenda wapi. Wazee wanatutoka, na kila mzee anazikwa na majina yake. Pili, anayerudi asifungiwe mlango. Hatusemi mvivu alishwe bure. Ndugu asiyeshika jembe ni mnyonyaji kama mnyonyaji mwingine. Ila apewe jembe kwanza, ndipo ahukumiwe. Wazee walisema heri ndugu mwovu kuwa naye, sembuse ndugu aliyepotezwa na kodi?

Uhuru wa mwaka 1961 ulituondolea bendera ya mgeni. Kurudishiana majina yetu ni kazi ambayo hakuna serikali itakayotufanyia. Tuifanye sisi wenyewe.